Kupima Ujifunzaji katika Programu za Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila semina ya mitaala, kila kikao cha idara na kila msimu wa ukaguzi. Majibu yanafuata zaidi utaratibu wa Tanzania; Kenya na Jumuiya ya Afrika Mashariki zimetajwa pale zinapohusika. Kila jibu linajitosheleza, na ukikuta namba ya swali jingine, ujue maelezo marefu yako huko.

## Mambo ya msingi

1. Tunatoa majaribio, tunasahihisha UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa semesta), tunapeleka matokeo Seneti. Mnataka upimaji gani tena?

Hayo yote yanampima mwanafunzi mmoja mmoja katika kozi moja moja. Yanajibu nani kafaulu, nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani anabeba kozi aliyofeli hadi mwaka unaofuata na nani kadisko, yaani kaondolewa masomoni. Upimaji wa programu unauliza jingine: hawa tuliowavisha majoho mwaka huu, kwa ujumla wao, wanayaweza yale tuliyoandika kwenye mtaala kwamba watayaweza? Na kama kuna wasichokiweza, kilipotelea mwaka gani, kwenye kozi zipi?

Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600 zilizogawanywa kwa wahadhiri wengi ambao huenda hawajawahi kukaa meza moja wakatazama kazi ya mwanafunzi yuleyule. Kila mmoja anakijua kipande chake. Programu nzima haina mwenyewe mpaka mtu aamue kuiangalia.

2. Kwani GPA haitoshi?

GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, inaficha mengi. Katika vyuo vingi nchini A huanzia alama 70, B+ 60, B 50 na C 40. Alama hizo hugeuzwa pointi, na mwishoni GPA ya 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kinachobaki mkononi ni wastani. Mhitimu mwenye 3.6 anaweza kuwa hodari wa nadharia asiyejua kuchambua data, na mwenzake mwenye 3.6 akawa kinyume chake. Kwenye cheti wanafanana.

Halafu alama ya kozi imebeba mizigo mingi: kazi ya kikundi aliyoiandika mmoja na wanne wakaongeza majina, jaribio lililorudia maswali ya mwaka juzi, alama za kuhudhuria semina. Aliyekariri madesa (notisi zinazozunguka kwa wanafunzi) anaweza kupata B+ ya halali kabisa. Hajaiba; aliulizwa alichokariri.

Hata hivyo alama si za kutupwa. Tazama alama za swali badala ya alama za kozi. Ikiwa watahiniwa 180 walikuwa huru kuchagua maswali na ni 9 tu waliogusa lile la kukokotoa, hiyo ni habari, na haikugharimu chochote zaidi ya kuhesabu.

3. Hii ni amri ya TCU au ni hiari yetu?

Ni vyote viwili, kwa viwango tofauti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza mwaka 2005, inataka kila programu iwe na matokeo ya kujifunza yaliyoandikwa kulingana na mfumo wa sifa za kitaaluma wa vyuo vikuu, ambamo shahada ya kwanza ipo ngazi ya 8. Kenya wana Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kikanda lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ambalo tangu 2006 limekuwa likishirikiana na shirika la Ujerumani la DAAD kuwanoa waratibu wa ubora. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, maana yake mwajiri wa Kisumu anatakiwa aweze kuisoma shahada ya Mwanza na kuelewa mwenye nayo anaweza nini.

Kwa hiyo kuandika matokeo ya kujifunza ni lazima. Kuyapima kwa moyo ndiko kulikoachwa mikononi mwenu. Mkaguzi mzoefu huitambua mapema idara inayofanya kwa ajili yake: fomu za miaka mitatu zimejazwa wiki moja, kwa kalamu moja.

4. Wanafunzi hujaza dodoso la kumtathmini mhadhiri kila mwisho wa semesta. Si ndiyo hiyo?

Siyo. Dodoso hilo linasema wanafunzi walimwonaje mhadhiri: alifika kwa wakati, alieleweka, alirudisha majaribio. Ni taarifa muhimu kwa jambo lake. Haisemi walijifunza nini. Wapo wahadhiri wanaopendwa sana ambao wanafunzi wao hutoka na kidogo, na wapo wanaolalamikiwa kila muhula ambao, miaka mitano baadaye, ndio wanaotajwa kwa shukrani.

## Kuandika matokeo ya kujifunza

5. Programu iwe na matokeo ya kujifunza mangapi, na yaandikwe vipi?

Matano hadi manane yanatosha. Programu yenye matokeo ishirini na mawili haitapima hata moja.

Tatizo kubwa si idadi, ni sentensi zisizoshikika. "Mhitimu ataelewa misingi ya isimu ya Kiswahili" haina pa kuishika, kwa kuwa hakuna siku utakayomwona mtu akielewa. Linganisha na hii: "Mhitimu ataweza kukusanya data ya lugha kutoka kwa wasemaji, kuichambua kwa nadharia moja ya isimu, na kutetea hitimisho lake kwa maandishi." Hapo unajua uende kabati gani, utoe kazi gani, utafute nini ndani yake. Kila mkiandika sentensi, ulizaneni: tutaliona wapi? Kama hakuna anayejibu, futeni.

Neno kuhusu zile orodha za vitenzi zinazogawiwa kwenye warsha, zitokanazo na ngazi za kufikiri alizoziweka Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956. Zinasaidia, ila zimeleta ugonjwa wake. Mtaala unapitiwa upya, "kueleza" kunafutwa na "kutathmini kwa kina" kunawekwa, kisha mhadhiri anarudi darasani na slaidi zilezile na mtihani uleule wa "Taja sifa tano za...". Mitaala mingi imepitiwa upya miaka ya karibuni, mingine chini ya HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Kwa maoni yangu sehemu rahisi ya kazi hiyo imeshafanyika, nayo ni ile ya kuandika.

6. Ramani ya mtaala ni kitu gani?

Ni jedwali la ukurasa mmoja. Safu za kushuka ni matokeo ya kujifunza, mistari ya kukata ni kozi zote kuanzia mwaka wa kwanza. Kwenye kila kisanduku mnaandika M kama jambo hilo linaanzishwa kwenye kozi hiyo (mwanzo), K kama linakuzwa, P kama linapimwa kwa kazi inayoonekana. Lisipokuwepo, acheni tupu.

Mara ya kwanza kila mhadhiri atajaza kila kisanduku. Ni tabia ya kibinadamu. Nani anataka kozi yake ionekane haikuzi fikra tunduizi? Dawa yake ni sharti moja: anayeandika P aje na swali au kazi yenyewe. Hapo P nyingi huyeyuka, na mnaanza kuona mashimo. Shimo linalojitokeza sana ni mawasilisho ya mdomo: yameahidiwa kwenye utangulizi wa mtaala, hayana P hata moja. La pili ni lile linalotoka M mwaka wa kwanza hadi P mwaka wa tatu bila K katikati. Mwanafunzi alifundishwa kunukuu vyanzo kwenye kozi ya stadi za mawasiliano, hakuna aliyemrudia, na sasa tunamshangaa kwenye tasnifu.

## Kukusanya ushahidi

7. Tutunge mtihani mpya wa programu?

Hapana. Mwanafunzi kachoka, nanyi mmechoka. Tumieni kazi zilizopo tayari: tasnifu ya mwaka wa mwisho, mradi wa uhandisi, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, andalio la somo na video ya mwalimu mwanafunzi, swali moja refu la UE. Ushahidi mzuri ni kazi iliyofanywa karibu na mwisho wa masomo, inayomlazimisha mwanafunzi kutumia aliyoyapata kwenye kozi kadhaa.

Wala msipime matokeo yote kila mwaka. Mawili kwa mwaka yanatosha. Programu yenye matokeo manane itakuwa imezunguka yote ndani ya miaka minne.

8. Darasa lina wanafunzi 600. Tutasoma kazi zote?

Hamtasoma. Chukueni sampuli. Panga namba za usajili, chagua mahali pa kuanzia kwa kura, kisha chukua kila wa kumi na tano. Utapata kazi 40. Lililo muhimu kuliko idadi ni kwamba mhadhiri wa kozi asichague yeye. Akiachiwa, ataleta zile nzuri, na si kwa hila, ndizo anazozikumbuka.

Funikeni majina na namba kabla ya kusoma, na alama ya awali isionekane. Msomaji akiona 68 imezungushwa kwa kalamu nyekundu, tayari keshaamua. Kwa madarasa madogo, tazama swali la 18.

9. Rubriki hutengenezwaje?

Rubriki ni jedwali la vigezo lenye maelezo ya kila kiwango, na kazi yake ni kufanya wasomaji watatu waangalie kitu kimoja. Viwango vinne vinatosha. Vitano humpa mtu uvivu wa kukimbilia katikati.

Chukueni kigezo kimoja, uchambuzi wa data kwenye tasnifu, muone kinavyoandikwa:

- Kiwango cha 1: Majibu ya wahojiwa yamebandikwa au majedwali yamewekwa, na maandishi yanarudia tu yaliyo kwenye jedwali.
- Kiwango cha 2: Data imepangwa kwa mada, lakini nadharia iliyotajwa sura ya pili haionekani tena.
- Kiwango cha 3: Nadharia inatumika kuieleza data, ila kwa mifano iliyokubaliana nayo tu.
- Kiwango cha 4: Mwandishi anaikabili pia data inayokataa, na anasema hilo linabadili nini.

Mtaona hakuna "nzuri", "nzuri sana" wala "bora". Maneno hayo kila mtu ana kipimo chake. Andikeni mnachokiona kwenye karatasi. Njia ya haraka ya kufika hapo ni kuchukua tasnifu sita za miaka iliyopita, kuzipanga mezani kutoka dhaifu hadi imara, kisha kubishana ni nini hasa kinachoitofautisha ya tatu na ya nne. Rubriki iliyonakiliwa kutoka chuo cha Ulaya itawaokoa saa mbili na kuwagharimu mwaka.

10. Tunasoma kazi ileile na hatukubaliani. Tufanye nini?

Hilo ni jambo la kutarajiwa, na kwa kweli ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Kabla ya kugawana mafungu, someni wote kazi tatu zilezile, kila mmoja apange kiwango kimyakimya, kisha mfunue.

Tuseme ni tasnifu kuhusu misimu, yaani maneno ya mtaani, ya madereva wa bodaboda. Mmoja kaipa 3 kwenye uchambuzi, mwingine 1. Wa kwanza anasema, "Huyu kijana anaandika vizuri, na data yake ni tamu." Wa pili anafungua sura ya nne: "Nionyeshe ukurasa ambapo anachambua." Wanageuza kurasa. Kuna orodha ya misimu arobaini, kila mmoja na maana yake, na mwishoni aya inayosema data imethibitisha nadharia. Wa kwanza anashusha hadi 1, wa pili anakubali kwamba lugha ya kijana ni nzuri, lakini hiyo ina kigezo chake. Mabishano ya dakika kumi ya namna hiyo hufundisha idara kuliko warsha ya siku tatu hotelini.

Baada ya hapo gawaneni, kila kazi isomwe na wawili. Hesabuni ni kazi ngapi ambazo wasomaji walitofautiana kwa kiwango zaidi ya kimoja. Zikiwa chache, msomaji wa tatu aamue. Zikiwa nyingi, kasoro iko kwenye rubriki, kwa hiyo rudini swali la 9.

11. Fomu za mafunzo kwa vitendo zinarudi zote zina alama za juu. Tuziamini?

Ziamini kwa kiasi. Msimamizi wa ofisini hana sababu ya kumnyima alama kijana aliyekuja kusaidia kazi bila mshahara, akawahi asubuhi na kusalimia wakubwa. Anampa 85 kwa tabia, si kwa ujuzi. Kwenye mazoezi ya kufundisha nako mhadhiri aliyesafiri kutwa nzima hadi shule ya pembezoni, akaona somo moja la dakika 40, ni vigumu aandike jambo kali.

Badilini swali la fomu. Badala ya "Mpe alama 1 hadi 10 katika umahiri wa kazi", ulizeni: "Taja kazi moja uliyompa aifanye peke yake. Ilibidi urekebishe nini kabla ya kuitumia?" Mstari mmoja wa majibu hayo una thamani kuliko safu nzima ya 9 na 10. Daftari la kila siku la mwanafunzi pia lisomwe, maana mara nyingi ndilo linalofichua kwamba wiki nane zilikwenda kwenye kutoa kopi.

12. Vipi dodoso za wahitimu na waajiri?

Zina kazi yake, lakini ni ushahidi wa pembeni: mtu anasema anaamini alijifunza. Zitumieni kueleza mlichokiona kwenye kazi, si badala yake. Na msiulize wahitimu kama "wameridhika". Waulizeni ni jambo gani walilazimika kujifunza upya kazini.

13. Tuna mtahini wa nje kila mwaka. Hiyo haitoshelezi?

Utaratibu wa watahini wa nje tuliurithi. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na Makerere ilikuwa na uhusiano na London tangu 1949. Shahada zilikuwa za London na viwango vilisimamiwa kutoka huko. Hata baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kujitegemea mwaka 1970, mtahini wa nje alibaki.

Ni mlinzi mzuri wa haki na wa kiwango cha kozi. Lakini anakuja kwa siku chache, anasoma maskripti (karatasi za majibu ya mtihani) ya kozi, anaandika ripoti ambayo nusu yake ni shukrani. Mwombeni jambo la ziada: mpeni ile sampuli ya swali la 8 na rubriki yenu, asome kumi bila kuona viwango vyenu. Mkilingana naye, mna ushahidi unaosimama mbele ya ukaguzi wowote.

## Lugha

14. Mwanafunzi anajua, ila Kiingereza kinamkwamisha. Tunapima nini hapo?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye ukurasa huu, na idara nyingi hulipita kimya kimya. Isipokuwa kwenye programu za Kiswahili, chuo kikuu chetu hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Mwanafunzi alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akapokewa na Kiingereza, akasonga kwa kukariri. Anapofika mwaka wa pili, skripti yake ina aya zinazoanza vizuri (hizo ni za madesa) na aya zinazoporomoka (hizo ni zake). Cha kusikitisha ni kwamba zile zinazoporomoka mara nyingi ndizo zenye fikra.

Hatua ya kwanza ni kuvitenganisha kwenye rubriki. Hoja iwe na mstari wake, lugha iwe na mstari wake, na msomaji akatazwe kushusha kimoja kwa sababu ya kingine. Mtashangaa mara ngapi safu mbili zinaachana.

Hatua ya pili ni kuchunguza. Chagueni wanafunzi wachache waliopata 1 au 2 kwenye hoja, wakae na mhadhiri, wafafanue swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Hili si la alama wala halibadili matokeo ya mtu. Ni la kujua ugonjwa uko wapi. Akieleza vizuri kwa Kiswahili, programu yenu ina tatizo la lugha ya kitaaluma, na tiba ni uandishi uliosambazwa kwenye kozi zote, si kozi moja ya stadi za mawasiliano iliyobanwa semesta ya kwanza. Akikwama na kwa Kiswahili pia, tatizo ni somo lenyewe, na hapo kulaumu Kiingereza kutakuwa kisingizio chetu sisi wahadhiri.

Kama mhitimu wenu atakwenda kufanya kazi kwa Kiingereza, basi iandikeni lugha hiyo waziwazi miongoni mwa matokeo ya kujifunza, muifundishe na muipime. Tusichoweza kukitetea ni kuipima kila mahali bila kuitaja popote.

## Baada ya kupima

15. Tumeona udhaifu. Sasa?

Badilini kitu kimoja. Kimoja tu, kinachoonekana, chenye mwenye kukisimamia na semesta ya kuanzia. Uchambuzi wa data umekuwa dhaifu? Basi kozi ya mbinu za utafiti ya mwaka wa pili isitahini tena kwa "Fafanua aina za sampuli". Iwape kurasa mbili za data halisi na saa mbili. Halafu, kundi hilo likifika tasnifu, someni tena kwa rubriki ileile.

Karibu kila idara huishia hatua moja kabla ya hapo. Ripoti inaandikwa, ina mapendekezo kumi na nne yanayoanza na "Chuo kihakikishe...", inafungwa. Pendekezo ambalo idara haiwezi kulitekeleza yenyewe liwekwe ukurasa wa mwisho.

16. Mkuu wa idara atatumia matokeo haya kunihukumu mimi?

Asiyatumie, na hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla kazi haijaanza. Sampuli inahusu programu; haionyeshi nani alifundisha vipi. Siku taarifa hizi zitakapoonekana kwenye jalada la kupandishwa cheo, rubriki zote zitaanza kusoma 4 na zoezi litakuwa limekufa.

17. Tukikuta hali ni mbaya, tuandike hivyo kwenye ripoti ya kujitathmini?

Andikeni. Ripoti isiyo na udhaifu wowote humfanya mkaguzi achimbe. Iliyosema "nusu ya sampuli iko kiwango cha 1 au 2 kwenye uchambuzi, tumebadili mtihani wa mbinu za utafiti, tutasoma tena baada ya makundi mawili" humpa cha kufuatilia, na kwa kawaida hufuatilia hicho.

## Hali zisizo za kawaida

18. Programu yetu ina wanafunzi saba tu.

Someni kazi zote, na unganisheni miaka mitatu kabla ya kutoa hitimisho. Msiandike asilimia: "asilimia 14 walishindwa" maana yake ni mtu mmoja, na kila mtu chuoni anamjua. Mna faida ambayo programu kubwa hazina, mnaweza kuwahoji wote ana kwa ana.

19. Tutajuaje kazi imeandikwa na mwanafunzi na si akili unde?

Kwa kazi ya kupeleka nyumbani, mara nyingi hamtajua. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, tasnifu iliyonyooka lugha si ushahidi wa lugha ya mwanafunzi. Programu za kutambua maandishi ya akili unde hukosea, na anayeandika Kiingereza cha kujifunza shuleni yumo hatarini kusingiziwa.

Kwa upimaji wa programu, ongezeni kipande kinachofanyika mbele ya macho: dakika kumi za kutetea kazi, swali moja la "kwa nini uliacha njia ile", au aya iliyoandikwa darasani juu ya data yake mwenyewe. Rasimu zenye maoni ya msimamizi nazo zihifadhiwe. Tasnifu ya zamani za kale, iliyozunguka na kurudi imejaa wino mwekundu mara tano, ilikuwa na kinga hiyo bila sisi kujua.

20. Wanafunzi wenye ulemavu wanaingiaje kwenye sampuli?

Kama wengine wote. Aliyefanya kwa nukta nundu, kwa muda wa ziada au kwa mkalimani wa lugha ya alama anasomwa kwa rubriki ileile ya matokeo. Kinachobadilika ni njia ya kuonyesha ujuzi. Rubriki ikiwa na kigezo ambacho yeye hawezi kukifikia kwa njia yoyote, kwa mfano "mwandiko nadhifu", kigezo hicho kilikuwa kibaya tangu mwanzo, kwa wote.

21. Mitihani ya bodi za kitaaluma inaweza kutufanyia kazi hii?

Inaweza kuwashtua, lakini haitawaambia pa kurekebisha. Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School, yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Mijadala ya wiki ile ilitupa lawama kila upande: vyuo vinavyotoa shahada ya sheria, lugha, udahili, mitihani ya taasisi yenyewe. Takwimu zile tatu haziwezi kuamua kati ya hao. Kitivo cha sheria ambacho kingekuwa na sampuli yake ya miaka minne, iliyosomwa kwa kigezo cha kujenga hoja ya kisheria kutokana na mkasa, kingeingia kwenye mjadala ule kikiwa na la kusema. Vivyo hivyo kwa programu za uhasibu zinazoelekea mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu: ombeni matokeo yaliyochambuliwa kwa somo, kisha mlinganishe na ramani yenu ya swali la 6.

22. Tunafundisha programu moja kwenye kampasi mbili, nyingine kwa masafa.

Rubriki iwe moja, wasomaji wachanganyike, na kazi zisionyeshe zilikotoka. Zikishasomwa ndipo mzitenganishe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina wanafunzi waliotawanyika mikoani ambao wengi wao wana kazi na familia. Kulinganisha kasi yao na ya mwanafunzi wa bweni hakuna maana, lakini kulinganisha kiwango cha kazi ya mwisho ni haki, maana shahada inatamka jambo lilelile.

23. Tunahitaji ruhusa ya wanafunzi kutumia kazi zao?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Skripti yenye jina na namba ya usajili ni taarifa binafsi. Njia salama ni kuwajulisha wanafunzi mapema, kwenye mwongozo wa mwaka wa kwanza, kwamba kazi zao zinaweza kusomwa bila majina kwa ajili ya kuboresha programu. Kuondoa majina kabla ya kugawa. Na kuhifadhi nakala mahali penye kufuli kwa muda uliotajwa. Mkitaka kuchapisha makala au kunukuu sentensi ya mwanafunzi kwenye mkutano, huo sasa ni utafiti: ombeni kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mwenyewe. Na kazi zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, hata kama ni "kwa haraka tu".